Kadi ya zamu, uangalizi wa kitandani au sanamu ya mazoezi: njia ipi ichaguliwe kumpima daktari anayesomea ubingwa wa tiba ya dharura

Idara inayofungua mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura hukutana mapema na swali ambalo mtaala peke yake haulijibu: itajuaje kwamba daktari fulani, aliyeingia mwaka wake wa pili, anaweza kuachiwa mgonjwa wa alama nyekundu, yaani aliye katika hatari kubwa, saa nane za usiku, huku bingwa akiwa chumba cha pili au nyumbani kwake? Njia za kujua ni nyingi. Hapa ninalinganisha tano: mtihani wa maandishi, daftari la kumbukumbu za taratibu, kadi ya tathmini ya mwisho wa zamu, uangalizi wa moja kwa moja kando ya kitanda, na mazoezi ya kuigiza kwa kutumia sanamu. Nimezilinganisha kwa kigezo ambacho naona huachwa mara nyingi. Kila chombo cha tathmini humlazimisha bingwa kufanya jambo fulani, na jambo hilo ndilo linalomfundisha anayesoma kuliko alama zinazobaki kwenye karatasi.

Uchaguzi huu ni wa sasa kwetu kwa sababu programu za ukanda wetu bado ni changa. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, mafunzo ya ubingwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili yakaanza mwaka huohuo, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2013. Rwanda ilianza ya kwake mwaka 2013, Mbarara na Makerere nchini Uganda zikafuata mwishoni mwa muongo huo, na Kenya iliutambua rasmi ubingwa huu mwaka 2017. Wengi wa wanaofundisha leo ni kizazi cha kwanza au cha pili cha mabingwa, na desturi za upimaji wanazoziweka sasa zitarithiwa na watakaokuja.

Msingi wa ulinganisho wowote wa namna hii uliwekwa na Mmarekani George Miller mwaka 1990, alipogawa umahiri wa daktari katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha kwamba anaweza, na kutenda kweli kazini. Mtihani wa maandishi hupima ngazi mbili za chini. Sanamu ya mazoezi, pamoja na mtihani wa vituo, ambamo mtahiniwa hupita kituo kimoja baada ya kingine akionyesha ujuzi wake, ulioasisiwa na Ronald Harden kule Dundee, Scotland, katika miaka ya 1970, hupima ngazi ya tatu. Ngazi ya nne haionekani ila kwa kumtazama daktari akiwa na mgonjwa wake halisi, katika zamu halisi, huku simu ikiita na machela nyingine ikiingia mlangoni.

Mtihani wa maandishi sitaujadili kwa kirefu, kwa kuwa hakuna anayependekeza kuuacha. Ni wa gharama ndogo, hugusa sehemu kubwa ya mtaala kwa saa chache, na humpima kila mmoja kwa swali lilelile. Udhaifu wake katika tiba ya dharura ni kwamba huleta tatizo likiwa limekwisha kupangwa. Swali husema kwamba mwanamume wa miaka 54 ana maumivu ya kifua, ilhali mgonjwa wa kweli huletwa kwenye bajaji akiwa hasemi, na ndugu aliyemleta hajui hata dawa anazotumia. Idara iutumie mara moja au mbili kwa mwaka ili kuona mapengo ya maarifa, wala isiuchukue kuwa ushahidi wa jambo lingine.

Daftari la taratibu nalo lina kazi yake. Nchini Marekani, chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa kimetumia viwango vya chini vya idadi: kuingiza mpira wa hewa kwenye koromeo mara 35, kuweka mrija wa kifuani mara 10, kutoboa koo ili kupitisha hewa mara 3. Idadi hizo humlinda anayesoma dhidi ya idara isiyompa nafasi ya kugusa kazi, na kwa sababu hiyo pekee ningelidumisha daftari. Hata hivyo, aliyeweka mirija kumi vibaya ameizoea njia mbaya mara kumi, na daftari linaloishia kwenye saini haliwezi kumtofautisha na mwenzake aliyeiweka vizuri.

Uchaguzi mgumu uko kati ya njia tatu zilizobaki.

Kadi ya mwisho wa zamu ndiyo inayochaguliwa na idara nyingi, na sababu yake inaeleweka: haichukui muda wa mtu yeyote mpaka kazi iishe. Bingwa huweka alama moja hadi tano kwa maarifa, ujuzi wa mikono, mawasiliano na nidhamu, kisha hutia saini. Wakati wa kuijaza, hata hivyo, amechoka, anayeisubiri ni kijana aliyefanya naye kazi kwa saa kumi na mbili, na kilichobaki akilini ni picha ya jumla tu: huyu ni mchapakazi, yule ni mzito. Kila safu ya kadi huchukua rangi ya picha hiyo moja. Nimewahi kupitia rundo la kadi za mwaka mzima katika idara moja nikakuta karibu zote zina alama nne, chache zina tano, na mahali pa maoni pameandikwa kwamba mhusika anaendelea vizuri. Miongoni mwa waliopimwa kwa kadi hizo alikuwamo daktari ambaye wauguzi wote wa zamu za usiku walijua kwamba hawezi kumhudumia mtoto mwenye degedege bila kusaidiwa. Kadi zilikuwa zimejazwa na saini zilikuwapo, lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa amemwambia. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma, kwa kuwa watoto walihudumiwa na mtu ambaye hakuwa tayari, naye daktari mwenyewe akapoteza miezi ambayo angeitumia kujirekebisha.

Uangalizi wa moja kwa moja humtaka bingwa asimame mahali ambapo hana mazoea ya kusimama: kando ya kitanda, mikono nyuma, akimtazama mwingine akifanya kazi. Umbo lake lililoenea sana lilielezwa na John Norcini na wenzake mwaka 1995 kwa ajili ya madaktari wa magonjwa ya ndani. Mkufunzi humtazama daktari na mgonjwa mmoja kwa muda mfupi, kisha humpa mrejesho hapohapo. Katika idara ya dharura umbo hilo halikai vizuri bila kurekebishwa, kwa sababu huduma ya mgonjwa mmoja hukatwa mara kadhaa na wagonjwa wengine, na bingwa hawezi kuganda mahali pamoja kwa dakika ishirini. Wakufunzi wa Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Kanada, walitoka kwenye kikwazo hicho kwa kuigawa kazi ya zamu katika vipande vidogo, kila kipande kikipimwa peke yake. Siku moja hutazamwa uchunguzi wa kwanza wa njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Siku nyingine hutazamwa makabidhiano ya zamu, na siku nyingine namna daktari anavyoongoza timu au anavyoamua nani aonwe kwanza.

Njia hii ya vipande ndiyo ninayoipendekeza iwe uti wa mgongo wa programu zetu. Dakika tano za kutazama, dakika tatu za kuzungumza na sentensi moja ya maandishi zinapatikana hata katika zamu iliyojaa, mradi bingwa na daktari wakubaliane mwanzoni mwa zamu kipande gani kitatazamwa. Makubaliano hayo yana uzito kuliko fomu yenyewe. Daktari anayeomba atazamwe anapofanya jambo analoliogopa amekwisha kufungua mlango wa kufundishwa, na bingwa aliyeahidi kutazama saa tatu usiku ataona haya ikifika saa sita hajaenda.

Kuna jambo ambalo uangalizi huliona na vyombo vingine vyote hulikosa, nalo ni lugha. Mitihani yetu huandikwa kwa Kiingereza na wanafunzi hufundishwa magonjwa kwa Kiingereza, lakini mama anayeeleza jinsi mtoto alivyolegea ghafla hueleza kwa Kiswahili, na pengine kwa Kisukuma au Kimakonde kupitia kwa jirani anayemtafsiria. Nimeona madaktari wenye alama za juu sana za maandishi wakishindwa kuwaambia ndugu kwamba mgonjwa wao amefariki. Huanza kueleza shinikizo la damu na oksijeni, hupita kando ya neno lenyewe, na familia huondoka pale ikiuliza ni lini ataamka. Kumpasha mzee habari ya msiba, kwa kumwamkia kwanza, kumkalisha, kumwita kwa heshima inayomstahili na kutamka neno la kifo waziwazi bila kumkatili, ni ujuzi wa tiba ya dharura sawa na kuweka mrija wa kifuani. Nao hupimwa kwa mtu aliyekaa chumba kilekile akisikia.

Kipimo kinachoandikwa baada ya kutazama nacho ni cha kuchagua. Alama za moja hadi tano zenye maneno kama dhaifu, wastani na bora humfanya bingwa ajiulize iwapo anampenda mtu huyu au la. Mholanzi Olle ten Cate alipendekeza mwaka 2005 mwelekeo mwingine: orodha ya kazi za kitaalamu ambazo daktari anaweza kukabidhiwa, na swali moja kuhusu kila kazi, yaani anaaminika kuifanya kwa usimamizi wa kiasi gani. Ngazi zinazotumika sana leo zilitungwa Ottawa, Kanada, kwa ajili ya wanaosomea upasuaji, nazo humtaka msimamizi aseme yeye mwenyewe alifanya nini: niliifanya kazi mwenyewe, nilimwelekeza hatua kwa hatua, nilimkumbusha hapa na pale, nilikuwapo kwa tahadhari tu, sikuhitajika kuwapo. Ninaona kipimo hiki kinazifaa sana idara zetu. Bingwa ambaye angesita kuandika kwamba mwanafunzi ni dhaifu hasiti kuandika kwamba ilimbidi achukue kifaa mkononi mwake, kwa kuwa hilo limetokea kweli na wote wawili wanalijua.

Tofauti ya Marekani na Kanada inafaa kutazamwa hapa, kwa kuwa programu mpya hupenda kuiga moja ya nchi hizo. Marekani ilianza mwezi Julai 2013 kutumia ngazi tano za maendeleo kwa kila eneo la umahiri, na tiba ya dharura ilikuwa miongoni mwa fani saba za mwanzo. Kamati hukaa mara mbili kwa mwaka na kumweka kila daktari kwenye ngazi yake. Kanada ilihamishia fani hiyo kwenye mfumo wa kazi za kukabidhiwa mwezi Julai 2018, ikiwa na kazi 28 katika hatua nne za mafunzo. Mfumo wa Marekani hutoa lugha nzuri ya kamati, yaani picha ya jumla ya mtu baada ya miezi sita, lakini haumwambii bingwa wa zamu ya leo atazame nini. Ule wa Kanada humwambia, ila umezaa malalamiko ambayo tunapaswa kuyasikia kabla ya kuuiga: madaktari hujikuta wakiwafuata wakufunzi kuomba fomu zijazwe, na mzigo wa kutafuta tathmini unamwangukia anayepimwa. Idara yenye mabingwa watatu ikichukua kazi zote 28 itavuna fomu zilizojazwa usiku mmoja kabla ya kikao. Ningechagua kazi nane hadi kumi za kuanzia, zinazolingana na wagonjwa wanaoingia mlangoni kwetu, kwa mfano: majeruhi wa bodaboda, mtoto mwenye malaria kali, mjamzito anayetoka damu, mgonjwa wa kisukari aliyepoteza fahamu, mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu, na makabidhiano ya zamu.

Mazoezi ya sanamu yanavutia kuliko njia zote, na ndiyo ambayo wafadhili huwa wepesi kuilipia. Sifa zake ni za kweli. Kutoboa koo la mgonjwa ambaye njia nyingine za hewa zimeshindikana ni tukio ambalo daktari anaweza kumaliza mafunzo yake bila kukutana nalo. Anapaswa kuwa amelifanya kwa mikono yake kabla ya siku hiyo, na haiwezekani kumpangia mgonjwa. Kwenye sanamu anaweza kukosea hadi mwisho, pasipo bingwa kulazimika kumkatisha, na kukosea hadi mwisho hufundisha kuliko kuokolewa katikati. Tena si lazima sanamu iwe ya bei kubwa. Zoezi la dakika kumi na tano ndani ya chumba chenyewe cha dharura, kabla ya zamu kuanza, kwa sanamu ya kawaida na timu ileile itakayofanya kazi siku hiyo, hufichua pia kwamba mtungi wa oksijeni hauna kitu na kwamba hakuna anayejua funguo za kabati la dawa ziko wapi.

Fundisho zito kuhusu mipaka ya sanamu limetoka hapa kwetu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliwafundisha watoa huduma kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa kozi ya siku moja. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba walipopimwa kwa sanamu miezi kadhaa baadaye ujuzi wao ulikuwa umepanda, lakini huduma waliyowapa watoto halisi kwenye chumba cha kujifungulia haikuwa imebadilika. Hospitali haikuiacha njia hiyo. Iliibadili, ikaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua. Waliofundishwa hawakuwa madaktari wa ubingwa, lakini funzo linaihusu kila idara inayotaka kununua sanamu: anayeonyesha kwamba anaweza si lazima awe anatenda, na daraja kati ya hayo mawili hujengwa kwa kurudia kidogokidogo mahali pa kazi. Kwa hiyo nisingekubali alama ya sanamu itumike peke yake kumruhusu mtu ahudumie bila msimamizi. Ningeitumia kwa matukio adimu, kwa mazoezi ya timu, na kwa daktari ambaye uangalizi wa kitandani umeonyesha mahali mahususi anapokwama.

Ukubwa wa idara nao uongoze uchaguzi. Pale penye bingwa mmoja au wawili, uangalizi wa vipande ufanywe mara mbili kwa wiki kwa kila anayesoma, sanamu itolewe mara moja kwa wiki kabla ya zamu, na kadi ya mwisho wa zamu ifutwe kabisa, kwa kuwa itakula muda ule mdogo uliopo. Muuguzi mkuu wa zamu aingizwe rasmi katika upimaji. Amewaona madaktari wengi kuliko bingwa mgeni, na anajua nani huitikia anapoitwa. Pale penye mabingwa sita au zaidi, kadi inaweza kubaki endapo itabadilishwa kuwa swali moja, yaani leo ulimtazama akifanya nini na ulilazimika kuingilia wapi. Na asiyemtazama aruhusiwe kuandika kwamba hakumtazama. Hospitali ya rufaa ya mkoa inayopokea madaktari kwa miezi michache tu isitakiwe kutoa hukumu ya jumla, bali itume vipande ilivyoviona.

Hukumu ya jumla ni kazi ya kamati, si ya bingwa mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika programu nane za tiba ya dharura nchini Marekani ulikuta wanaume na wanawake wakianza mafunzo kwa alama zinazokaribiana, kisha wanaume wakipewa alama za juu zaidi kadiri miaka ilivyokwenda, hata pengo la mwisho likalingana na miezi kadhaa ya mafunzo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba sisi tumesalimika, hasa ambapo daktari wa kike bado huitwa sista na mgonjwa na wakati mwingine na mwenzake. Sentensi iliyoandikwa kuhusu tendo lililoonekana ni kinga bora kuliko namba, kwa maana kamati inaweza kuuliza ni kitu gani hasa kilichoonekana. Kamati ya watu watatu, mmoja wao akitoka nje ya idara, ikae kila baada ya miezi mitatu, isome sentensi hizo zote kwa mfululizo, na mhusika aambiwe matokeo ndani ya wiki hiyohiyo kwa maneno yaleyale yaliyosemwa kikaoni.

Limebaki suala la lugha ya fomu yenyewe, ambalo huonekana dogo mpaka mtu asome fomu zilizojazwa. Mrejesho mzuri katika idara zetu hutolewa kwa Kiswahili, kando ya kitanda au njiani kuelekea chumba cha eksirei, kisha hugeuzwa kuwa Kiingereza cha ofisini unapoandikwa, na makali yake hupotea njiani. Bingwa aliyemwambia daktari kwamba alimwacha mgonjwa bila kumshikilia shingo wakati wa kumgeuza huandika kwamba ujuzi wa mhusika katika majeraha unahitaji kuimarishwa. Fomu iseme waziwazi kwamba sentensi hiyo moja iandikwe kwa lugha ileile iliyotumika kusema, na iandikwe kabla wawili hao hawajaachana.